Maneno Mawili ya Kiingereza, Jibu Moja la Kiswahili: Mwongozo wa Kuyatofautisha Hatua kwa Hatua

Msimu uliopita wa mavuno ya zabibu, kijana mmoja ninayemfundisha Kiingereza jioni hapa Dodoma aliniletea tangazo alilomwandikia mjomba wake, mkulima wa Hombolo. Mjomba alikuwa anatafuta wanunuzi wa nje, na tangazo lilisema ana tani mbili za "fresh raisins". Kijana hakuandika ovyo. Alifungua kamusi, akaona "raisin" ni zabibu, akaandika. Na kamusi ilisema kweli, ila "raisin" ni zabibu kavu, zile za kutia kwenye pilau na keki. Ile mbichi inayoning'inia kwenye kichala ni "grape". Mnunuzi akilisoma tangazo lile hataelewa anauziwa nini, maana linamwambia kuna zabibu kavu ambazo hazijakaushwa.

Tulipokaa kulirekebisha, orodha ikarefuka. Mzabibu ni "vine", shamba la mizabibu ni "vineyard", mvinyo wake ni "wine". Sisi tunajenga karibu yote juu ya zabibu, tunaongeza kiambishi au neno shamba na msikilizaji ameelewa. Zabibu yenyewe ilitujia kutoka Kiarabu, na kwa Waarabu ni tunda lililokaushwa. Sisi tukalipanua neno hadi likabeba bichi na kavu pamoja. Waingereza nao walilichukua "raisin" kwa Wafaransa, ambao kwao ni tunda bichi, wakalibana likabaki la kavu peke yake.

Kosa la kijana lilikuwa kwenye swali aliloanza nalo: "Neno hili kwa Kiswahili ni nini?" Ukiuliza hivyo, maneno mawili ya Kiingereza yenye jibu moja la Kiswahili yataonekana sawa, na utachagua kwa kubahatisha. Uliza hivi badala yake: neno hili linafanya kazi gani ambayo mwenzake hawezi kuifanya? Hatua zinazofuata ndizo ninazozitumia na wanafunzi wangu kulijibu swali hilo. Zinamfaa mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka kusoma karibu masomo yote kwa Kiswahili na ghafla anasomeshwa kwa Kiingereza, na zinamfaa vilevile mtumishi wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, anayeandika barua za ofisi kila siku.

Hatua ya kwanza: chora ukurasa wa neno la Kiswahili

Chukua daftari. Juu ya ukurasa usiandike neno la Kiingereza, andika la Kiswahili, hasa kitenzi unachokitumia mara nyingi bila kukifikiria. Chini yake andika sentensi tano au sita za kweli, kama unavyozisema nyumbani au kwenye daladala. Kisha tafsiri moja moja, uone ni wapi Kiingereza kinalazimika kubadilisha neno.

Chukua kukaa. "Nakaa Kizota" ni "I live in Kizota". "Nakaa kwa shangazi wiki mbili, kisha narudi Singida" ni "I'm staying with my aunt", kwa sababu ni kwa muda tu na makazi yako yako pengine. "Kaa hapo" ni "sit". "Betri ya simu hii inakaa" ni "lasts". "Maziwa haya hayakai" ni "won't keep". Neno moja la kwetu, maneno matano ya kwao. Ukiona ukurasa huo kwa macho yako, hutasema tena "I sit in Kizota", kwa sababu unajua sentensi ile ni ya mtu aliyeketi chini huko Kizota.

Fanya hivyo kwa kusikia pia. Nasikia sauti: "hear". Nasikia harufu: "smell". Nasikia baridi: "feel". Nasikia njaa: hapa hakuna kitenzi cha kusikia kabisa, ni "I'm hungry". Na kushinda: kushinda mechi, kushinda mtihani, kushinda shambani kutwa nzima. La mwisho ni "spend the day", na wengi hawalifikirii mpaka walione limeandikwa.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote katika daftari langu ni wa -refu. Mtu mrefu na mti mrefu ni "tall". Barabara ndefu ni "long". Mlima mrefu ni "high", ndiyo maana Kilimanjaro yenye mita 5,895 kwa kawaida huitwa "high" kwenye vitabu vya jiografia. Na kisima kirefu? Jiji letu linakunywa maji ya visima virefu vya Mzakwe, na nimeshasoma taarifa ya mradi wa maji, imeandikwa na msomi, ikiviita "long wells". Kisima ni "deep". Jicho la Mwingereza huuliza unapima kuelekea wapi: kwenda juu kutoka chini, kwenda mbele, au kushuka. Sisi tunapima urefu tu.

Hatua ya pili: uliza kitu kinakwenda upande gani

Jozi nyingi zinazosumbua zinaelezea tukio moja likitazamwa kutoka pande mbili. Kabla ya kuchagua neno, chora mshale.

"Borrow" na "lend" ndiyo jozi inayowaangusha watu wengi zaidi, na sababu iko kwenye lugha yetu. "Naomba niazime kalamu yako" na "niazime kalamu" zote zina kuazima, ingawa ya kwanza mimi ndiye ninayefanya na ya pili unayefanya ni wewe. Kiambishi cha mtendwa ndicho kinachotuonyesha mwelekeo. Kiingereza hakina kiambishi hicho, kwa hiyo kinabadilisha kitenzi kizima. Mshale ukija kwangu, mimi "borrow". Mshale ukitoka kwangu, mimi "lend". Hivyo ni "Can I borrow your pen?" au "Can you lend me your pen?", na zote mbili zina maana ileile. "Can you borrow me your pen?" haipo.

Hapo kuna jambo ambalo Kiswahili kinalipambanua vizuri kuliko Kiingereza, na ni haki kulisema. Sisi tunatenga kuazima na kukopa. Ukiazima jembe, jembe lilelile linarudi. Ukikopa elfu kumi kwenye kikundi cha VICOBA, zinarudi elfu kumi nyingine. Kiingereza hakijali, zote ni "borrow", hata sukari ya jirani ambayo umeshainywa kwenye chai. Lakini kama umechukua sukari dukani ukaandikwa kwenye daftari la mwenye duka, hapo si "borrow" tena, ni "buy on credit". Na kitu kisichoondoka mahali pake hakiazimwi: choo cha mwenzako au meza ya ofisini kwake unaomba "use".

Mshale unasaidia pia kwa "teach" na "learn", "bring" na "take". Hizi hazihitaji maelezo mengi, kwa kuwa kufundisha na kujifunza, kuleta na kupeleka, tayari vinatupa mwelekeo. Makosa yake ni ya haraka tu.

Nyumba za kupanga zinahitaji subira zaidi. Tangu serikali ihamie hapa, karibu kila mtu Dodoma ni mpangaji au ana mpangaji, na baadhi ya mikataba inaandikwa kwa Kiingereza. Mpangaji ni "tenant" na anafanya "rent". Mwenye nyumba naye anaweza kusemwa "rents out" au "lets", ndiyo maana ubao wa nyumba ya kupangisha unaandikwa "to let". Gari la siku moja la harusi, kwa Kiingereza cha Uingereza, ni "hire". Wamarekani watasema "rent". "Lease" ni mkataba wenyewe wa muda uliotajwa. Na pesa unayolipa kila mwezi ni "rent" pia, kamwe si "tax", ingawa sisi tunasema kodi ya nyumba na kodi ya serikali kwa neno moja. Mtu akiandika "I pay tax to my landlord", msomaji anaona mwenye nyumba amegeuka kuwa mamlaka ya mapato.

Hatua ya tatu: tazama neno linaandamana na nani

Maneno mawili yanaweza kuwa na maana inayokaribiana sana, lakini kila moja likawa na watu wake linaotembea nao. Kwa hiyo usijifunze kitenzi peke yake. Jifunze kitenzi pamoja na kile kinachokaa nyuma yake.

"Win" hufuatwa na mechi, kikombe, uchaguzi. "Beat" hufuatwa na mpinzani. Tuseme Dodoma Jiji wamecheza na timu ya Singida wakashinda: "Dodoma Jiji won the match" au "Dodoma Jiji beat them". Ukisema "won them" umesema wamewapata kama zawadi.

"Steal" hufuatwa na kitu kilichoibwa, "rob" hufuatwa na aliyeibiwa. Simu ni "stolen", wewe ni "robbed". Hii haiishii kwenye sarufi. "Rob" kwa kawaida ina nguvu au vitisho ndani yake, kile tunachokiita kupora au kunyang'anya. Ukichomolewa simu mfukoni kwenye msongamano wa soko la Majengo na hukuhisi chochote, ni "stolen". Sheria yetu ya adhabu nayo inatenganisha wizi na unyang'anyi, na adhabu zake zimepishana mbali. Anayetafsiri maelezo ya polisi ana wajibu wa kuuliza kwanza tukio lilivyotokea ndipo aandike.

"Say" na "tell" zina njia ya mkato nzuri ambayo inatoka kwenye Kiswahili chenyewe. Huwezi kutamka kuambia bila kumtaja mtu ndani yake: ameniambia, nimekuambia, tuliwaambia. "Tell" iko hivyohivyo, inadai mtu: "he told me". Kusema hakudai mtu, na "say" haidai: "he said that...". Vipo vichache vinavyokaidi kanuni hii, na inabidi uvishike kama vilivyo: kusema ukweli ni "tell the truth", kusema uongo ni "tell a lie", kusimulia hadithi ni "tell a story".

Kukataa kunataka ukurasa wake. Alikataa kwenda: "refused to go". Alikataa kwamba hakuchukua yeye, yaani alikana: "denied". Halmashauri ilikataa ombi: "rejected". Alikataa mwaliko kwa upole: "declined". Nimeona barua ya kinidhamu ambamo mfanyakazi "refused" kosa. Msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba alipewa nafasi ya kutenda kosa akasema hapana, jambo linalomsifu, wakati mwandishi alitaka kusema alilikana.

Hatua ya nne: pima muda

Hapa ni "until" na "by", na ningeomba usiruke. Sisi tunasema "lete fomu hadi Ijumaa" na "ofisi iko wazi hadi Ijumaa". Kwetu ni hadi mbili zinazofanana. Kwa Kiingereza ya kwanza ni "by Friday" na ya pili "until Friday".

Jaribio lake ni hili: tendo linaendelea bila kukatika mpaka siku ile, au linatokea mara moja wakati wowote kabla siku haijaisha? Ofisi inaendelea kuwa wazi, basi "until". Fomu inaletwa mara moja, basi "by". Tangazo likisema "Submit your form until Friday", linamwambia mtu aendelee kuleta fomu kila siku mpaka Ijumaa.

Usikimbilie "before Friday" ukidhani umejiokoa. "Before Friday" inaishia Alhamisi. "By Friday" inaihesabu Ijumaa yenyewe. Nina ndugu aliyekosa usaili kwa sababu taasisi moja ilichanganya maneno haya mawili kwenye barua, na hakuna aliyekubali kosa. Tangu siku hiyo nikiandika tarehe ya mwisho ninaongeza na saa.

"Since" na "for" ni rahisi. Baada ya "since" taja mwanzo: "since 2018", mwaka Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji. Baada ya "for" taja urefu: "for five years". Ukiwa na tangu, una "since". Ukiwa na kwa muda wa, una "for".

Hatua ya tano: pima uzito

Kuna jozi ambazo maana yake ni moja kabisa na bado haziwezi kubadilishana. Tunazo na sisi. Mtu hufa, hufariki, huaga dunia. Lakini mfugaji wa Bahi hasemi ng'ombe wake amefariki, ng'ombe amekufa. Hakuna kamusi iliyotufundisha hilo, tumelelewa nalo.

Kiingereza kimejaa jozi za namna hii, na chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, aliiteka Uingereza, na kwa vizazi kadhaa wakubwa wa nchi wakawa wanasema Kifaransa huku watu wa kawaida wakiendelea na Kiingereza chao. Lugha zilipochanganyika, maneno ya pande zote mbili yakabaki, la wakulima likiwa la kila siku na la mabwana likiwa zito. "Begin" na "commence", "buy" na "purchase", "ask" na "enquire": la kwanza ni la nyumbani, la pili linavaa koti. Hata bucha inakumbuka historia hiyo. Ng'ombe akiwa zizini ni "cow", akiwa sahanini ni "beef". Kondoo ni "sheep" na nyama yake "mutton". Nguruwe ni "pig" na nyama yake "pork". Kuku amebaki "chicken" kote. Kwa hiyo menyu ya nyama choma isiandike "cow meat".

Ninachowashauri wanafunzi ni kuchagua jepesi isipokuwa kuna sababu. Wengi wanaamini barua ya kazi lazima iwe na "commence". "Start" inatosha, na inasomeka vizuri zaidi.

Hatua ya sita: yanayofanana kwa sura

Haya ni machache na dawa yake ni kukariri. Pita karibu na chuo chochote hapa mjini uangalie mabango ya maduka ya vifaa vya kuandikia. Baadhi yanasoma "stationary", yaani kitu kisichosogea. Duka ni "stationery", kwa e, kama ile iliyomo ndani ya "pen" na "paper". "Advice" ni ushauri, "advise" ni kushauri, na "advice" haihesabiki, kwa hiyo "advices" haipo. Ukuaji wa uchumi ni "economic growth". Gari linalokula mafuta kidogo ni "economical".

Mazao yetu nayo yanastahili umakini. Baadhi ya taarifa za kilimo cha Kanda ya Kati huandika "millet" kwa kila nafaka ndogo. Mtama ni "sorghum". Uwele ni "pearl millet". Ulezi ni "finger millet". Ugali wa uwele na ugali wa mtama ni vyakula viwili, na mbegu zake ni mbili.

Hatua ya saba: hakiki kwa kamusi sahihi

Ukishakisia tofauti, ithibitishe. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili inafaa kuanzia, si kumalizia. Tafuta kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza. Zipo za bure kwenye intaneti. Ukiifungua, ruka maelezo kwanza, nenda kwenye sentensi za mifano, kisha rudi. Tazama herufi C na U kando ya nomino: C inahesabika, U haihesabiki. Ndiyo itakayokuonyesha kwamba kazi ikiwa "job" unaweza kuhesabu, "a job", lakini ikiwa "work" huwezi kusema "a work". Angalia pia kama pameandikwa "formal".

Sasa jaribu aya hii bila kutazama chini:

"Nakaa Nkuhungu, nimepanga chumba kimoja. Mwenye nyumba anataka kodi ifikapo Ijumaa, lakini mimi nategemea mshahara Jumatatu. Nilimwomba kaka anikopeshe, akakataa."

Jibu langu: "I live in Nkuhungu, where I rent a room. The landlady wants the rent by Friday, but I expect my salary on Monday. I asked my brother to lend me some money, and he refused."

Kupanga ni "rent" kwa kuwa mshale uko kwa mpangaji. Nategemea si "depend". Kumtegemea mtu ni "depend on", kutegemea jambo litokee ni "expect". Nilimwomba ni "asked", na hapa Kiingereza ndicho kinachobana: kuuliza na kuomba vyote ni "ask", ila kuomba kitu ni "ask for" na kuomba kazi ni "apply for".

Mawili yanabaki ambayo aya yenyewe haiwezi kuyajibu, lazima umwulize aliyeiandika. Mwenye nyumba wetu hana jinsia. Kiingereza cha kawaida kinataka kujua ni "landlord" au "landlady". Mimi niliandika la pili kwa sababu aliyenipa aya hii alikuwa anamzungumzia mama. Na huyo kaka, je, ni wa tumbo moja, au ni mtoto wa baba mdogo? Kama ni wa baba mdogo, kwenye fomu ya mkopo au ya viza anaandikwa "cousin". Kwenye barua kwa rafiki, mwache awe "brother".